Kuchapa viraka kwenye kitambaa: printa ya nyumbani, manila au sabuni?

MamaViraka (mleta uzi)
Habari za jioni wadau. Nimepata oda ya blanketi la viraka la mtoto, viraka vya pembesita, na mteja analitaka kabla hajajifungua. Vinahitajika mia tatu na kitu. Hadi leo nachora kimoja kimoja kwa kipande cha sabuni, mkono umekufa ganzi. Nimeona mitandaoni watu wanaingiza kitambaa kwenye printa ya wino, maumbo yanatoka yamechorwa tayari, kazi inabaki ya mkasi. Mume wangu ana printa. Je, niendelee na sabuni, nikate kipimo cha manila, au nijaribu printa? Naomba uzoefu, kejeli pelekeni kwingine.

FundiKipara
Printa gani? Kitambaa gani, rangi gani? Unachapa upande wa nje au wa ndani? Mume umemtaja, printa hujaitaja.

Kalamu_ya_Risasi
Nakaa hapa kusubiri wenye uzoefu.

MamaViraka
Samahani fundi. Ni Epson, ile yenye matangi ya wino. Kitambaa ni vitenge na poplini nyeupe.

Dada_wa_Bremen
Hamjambo. Huku Ujerumani nipo kwenye kikundi cha kina mama wa viraka na jambo hili tunalifanya. Tunatumia karatasi ya friza, ile ya Wamarekani ya kufungia nyama, upande mmoja una plastiki nyembamba. Unaweka upande wa plastiki juu ya kitambaa, unapiga pasi kavu, vinashikana. Halafu ndipo unakata vyote kwa pamoja, sentimita 21 kwa 29.7, kona ziwe kali na usiache hata uzi mmoja unaning'inia. Ingiza moja moja, usijaze trei. Ukimaliza unabandua, karatasi ileile unaitumia tena mara kadhaa.

Mambo mawili watu huyasahau. Kwanza, kwenye kuchapa chagua ukubwa wa asilimia 100. Ukiiacha printa ijipimie ukurasa yenyewe, itapunguza umbo kidogo, na kidogo hicho ukikizidisha kwa viraka mia tatu, kona hazikutani na za viraka ulivyokata kwa mkono. Chora mraba wa inchi 1 pembeni ya ukurasa, uupime kwa rula kabla ya kukata chochote. Pili, usithubutu kutumia printa ya leza. Ile inachoma kwa joto, plastiki itayeyukia ndani.

FundiKipara
Na hiyo karatasi ya friza Kariakoo inauzwa duka gani?

Dada_wa_Bremen
Hata huku tunaagiza, kaka. Baadhi wanatumia karatasi ya stika ya A4, unabandika kitambaa kwenye gundi yake. Inafanya kazi, ila gundi ikizidi inabaki kwenye kitambaa.

BintiMkunazini
Dada mpenzi, kabla hujagusa printa ya mume wa watu nisikilize mie.

Nilichukua kazi ya vitambaa vya kufunikia matunda, kumi na viwili, vya harusi. Nikaona kwa nini nichore maua kwa mkono wakati printa ipo? Karatasi ya friza sina, nikabandika kitambaa juu ya manila kwa tepu ya karatasi, kingo zote nne. Cha kwanza kikatoka kizuri mpaka nikakipiga picha. Cha pili, uzi wa pembeni ukashikwa na rola. Nikasikia *krrrk*, halafu kimya, taa inawakawaka. Nikavuta. Hapo ndipo nilipokosea, kwani nilivuta kwa nyuma, nusu ya tepu ikabaki ndani. Fundi alipoifungua akaniuliza, "Bibi, umefua kanzu humu?"

Basi ingeishia hapo ningeshukuru. Ilipopona nikamaliza vyote kumi na viwili, mistari ya buluu, nikadarizi kwa uzi mweupe wiki tatu. Siku moja kabla ya kukabidhi nikavifua ili mistari ipungue. Maji yakawa kama ya buluu ya kufulia nguo, na uzi mweupe wote ukanywa ile rangi. Nikasuuza mara tano, ndivyo ulivyozidi kusambaa. Mama wa bibi harusi hakunitukana, alivikunja tu akanirudishia. Ningependa angenitukana. Pesa nikazirudisha, kitambaa na uzi hasara yangu.

Dada_wa_Bremen
Pole sana mpenzi. Hapo tatizo ni aina ya wino. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini, huo ukilowa unatembea. Na kuna ule wa chembechembe, unakaa juu ya nyuzi na kuvumilia maji zaidi. Printa nyingi za matangi za Epson zinatumia ule wa kwanza. Canon na HP za matangi nyingi, nyeusi ni ya chembe lakini rangi nyingine zimeyeyuka. Kwa hiyo ukichapa mistari, chapa kwa nyeusi tupu na ujaribu kipande kimoja kwenye maji kwanza.

MamaViraka
Kwa hiyo Epson yetu hapana?

Dada_wa_Bremen
Kama unachapa upande wa ndani na mstari ni wa kukata, unaondoka na mkasi. Hatari ni ule wa kushona. Kwani unachapa mstari wa kukata au wa kushona?

MamaViraka
Kuna tofauti?

FundiKipara
Ee Mola.

Dada_wa_Bremen
Tofauti ni robo inchi ya mshono kila upande, kama milimita 6. Pembesita yako upande mmoja una urefu gani?

MamaViraka
Inchi 1, ikishashonwa.

FundiKipara
Haya, tupige hesabu. Inchi 1 ukiongeza mshono, A4 moja inabeba pembesita 15, ukizipanga kama sega la nyuki. Viraka 300 ni kurasa 20: kupiga pasi mara 20, kuingiza mara 20, kuomba Mungu mara 20. Sasa mimi nakata kipimo kimoja, nakunja kitambaa tabaka nne, nabana kwa pini, kila mzunguko wa mkasi natoa viraka vinne. Tena manila inalika kona, usiitumie. Tafuta filamu ya zamani ya X-ray, iloweke kwenye jiki mpaka picha itoke, uifute. Inabaki plastiki ngumu, nyeupe ya kuona ng'ambo. Unaiweka juu ya kitenge, unaona ua litakaa wapi katikati ya kiraka. Printa itakuonyesha hilo?

Kalamu_ya_Risasi
Hii ya X-ray nimeipenda. Mguu wa babu utapata kazi tena.

MzeeWaCherehani
Ninyi watoto mnataka mashine ifanye kila kitu. Kofia za viua zinachorwa kwa kalamu, zinatobolewa, zinashonwa kitobo kimoja kimoja, ndiyo maana zina bei. Mkianza kuchapa, kofia na fulana ya uchaguzi zitakuwa na tofauti gani?

BintiMkunazini
Shikamoo baba. Lakini mchoro wa kofia tangu zamani watu wanaigana. Anayechora siye lazima anayeshona. Thamani ipo kwenye ule mshono, si kwenye mstari ambao mwisho wake unafichwa.

MzeeWaCherehani
Marahaba. Anayechora vibaya anamharibia anayeshona, hilo nalo uliseme.

Msomaji77
Samahani kutoka nje ya mada, hiyo si blanketi, kwa Kiswahili ni mfarishi.

FundiKipara
Mteja akija dukani akaniomba mfarishi nitamuuliza anaumwa nini.

Dada_wa_Bremen
😂 Kuna pia kalamu za Frixion, mstari unafutika kwa joto la pasi. Ila kitambaa kikipigwa na baridi kali mstari unarudi. Mwenzetu alituma blanketi kwa posta mwezi wa Januari, likafika na michoro yote.

Kalamu_ya_Risasi
Dar baridi hiyo tutaitoa wapi? Labda mtoto alale kwenye friza.

Mama_Tabata
Mbona hakuna aliyesema njia ya Waingereza? Kitambaa hakiingii kwenye printa kabisa. Unachapa pembesita kwenye karatasi ya kawaida, bila mshono. Unazikata, unakunjia kitambaa juu ya kila karatasi na kuishikiza kwa uzi, halafu unaunga kingo kwa sindano ya mkono. Mwisho unachomoa karatasi. Kona zinakutana zenyewe. Steshenari watakuchapia kwenye manila.

MamaViraka
Mia tatu kwa mkono, mama? Mteja yupo miezi saba.

Mama_Tabata
Basi ungeanza akiwa na miwili, mwanangu.

MamaViraka
Wadau, mrejesho. Nimejaribu ukurasa mmoja mmoja kwa stika, Jumamosi. Poplini imetoka safi, mistari myembamba, nimeipenda. Kitenge sikuona kitu. Ni cha rangi ya kahawia na buluu iliyoiva, na rangi imepenya pande zote mbili, upande wa ndani ni kama wa nje.

FundiKipara
Ndiyo maana niliuliza rangi siku ya kwanza. Printa ya nyumbani haina wino mweupe. Kwenye kitenge cheusi utarudi kwenye sabuni, na sabuni ikifuliwa inatoka.

Dada_wa_Bremen
Basi poplini uchape, vitenge utumie X-ray ya fundi. Vitenge umevifua kwanza lakini? Ile gundi ya kiwandani ikitoka kitambaa hurudi.

MamaViraka
Vingine nimefua, vingine bado.

FundiKipara
VINGINE?

Msomaji77
Hiyo printa mnauza bei gani, kama mumeo haihitaji tena?

Kalamu_ya_Risasi
Kweli, printa iko salama?

MamaViraka
Msiniulize. Kuna uzi umebaki ndani, nautafuta kwa kibanio cha nyusi kabla mume hajarudi kutoka kazini.