Kocha wa raga aliyekaa timu moja miaka 21, sisi huku tunakosea wapi?

Chikongola_Boy: Wakuu habari za humu. Mi nafundisha vijana wa mtaani hapa Mtwara, mpira wa miguu sio raga, ila nimesoma habari za mzee mmoja wa Australia, Wayne Bennett, zimenikaa kichwani kweli. Jamaa alikuwa polisi, akapewa Brisbane Broncos 1988 timu ndo inaanza, akakaa nayo mpaka 2008! Huku kwetu ukifungwa mechi mbili tatu viongozi washaitisha kikao. Anayemjua anieleze, hii ni mbinu au zali tu?

Mmasasi: Zali gani la ubingwa mara 7 mkuu? Broncos kachukua sita, 1992, 1993, 1997, 1998, 2000 na 2006, akaenda St George Illawarra akabeba 2010, msimu wake wa pili tu pale. Na ile ni raga ya watu 13, sio ya 15, timu ikishaangushwa na mpira mara sita inawaachia wapinzani, kwa hiyo bila pumzi na nidhamu huchezi. Halafu hakuanzia juu, alifundisha timu za Ipswich na Brisbane kwanza, ndo akaja kuonekana.

Mama wa Ruangwa: Mi naangalia alivyopoteza. Fainali 2015, mzee kesharudi Broncos, wanaongoza 16-12, sekunde za mwisho kabisa wapinzani wao Cowboys wanasawazisha, Thurston wa Cowboys anapiga mkwaju wa kuwamaliza unagonga mlingoti! Kuanza tu muda wa nyongeza, ambao anayefunga wa kwanza ndo mshindi, Ben Hunt wa Broncos akadondosha mpira wa kuanzia, Thurston akapiga mkwaju wa pointi moja, 17-16 mechi imeisha hapo hapo. Huku kwetu huyo kijana asingekanyaga tena uwanjani, ila Hunt alicheza Broncos misimu miwili zaidi na kocha yule yule. Hapo ndo namheshimu mzee.

Chikongola_Boy: Dah dada hapo umenigusa. Ila mbona nasikia Broncos wenyewe walimtimua?

Mmasasi: Ndio, Desemba 2018, kwa hiyo usidhani kule hawafukuzi. Akaenda South Sydney akawafikisha fainali 2021, wakafungwa 14-12 na Penrith. Na 2023, ana miaka 73, akapewa Dolphins, timu mpya kama Broncos ya 1988. We ongea na viongozi wako mapema, kabla ligi ya mtaa haijaanza, wakupe hata misimu miwili, na waelewe kabisa msimu wa korosho nusu ya vijana wako shamba, matokeo ya Oktoba yasiwe ndo kipimo chako.