Kingamwili ya MAPK kwenye jani la muhogo haioneshi kitu, msaada wadau

muhogo_tanga: Habarini wadau, niko Tanga hapa nafanya utafiti wa muhogo, nataka kuona kama MPK3 na MPK6 (protini za kundi la MAPK, zinazopeleka taarifa ndani ya seli) zinaamka jani likishambuliwa. Nimepewa ile kingamwili ya p44/42 inayoshika protini ikiwa imebeba fosfeti tu (ndo alama kwamba imeamka), imetengenezwa kwa ajili ya protini ya binadamu, nimerudia mara tatu membreni (karatasi inayobeba protini za sampuli) nyeupe pee, nikiiacha sana kwenye kupiga picha inakuwa nyeusi yote. Kweli inafaa kwa mimea? Imebaki kidogo na nyingine mpaka iagizwe nje, naumia jamani.

dada_maabara: Pole mdogo wangu, usiitupe, inafaa. Inashika pale penye amino asidi za treonini na tairosini zilizobeba fosfeti, kwa binadamu ni namba 202 na 204, katikati glutameti, ndo hiyo TEY (herufi za amino asidi hizo tatu), na mimea inayo vilevile kwenye MPK3, MPK4 na MPK6. Shida fosfeti haikai, vimeng'enya vinaibandua fasta. Sampuli unachukuaje? Na membreni unaifunika na nini ili kingamwili isishike ovyo?

muhogo_tanga: Nakata vipande shambani natia kwenye boksi la barafu, nikifika maabara nasaga. Nafunika na maziwa ya unga.

dada_maabara: Hapo hapo! Ukikata jani umelijeruhi, na jeraha peke yake linaziamsha protini hizo ndani ya dakika chache, mpaka ufike maabara zishalala tena, kwahiyo hata ungeona kitu usingejua ni cha nini. Kata vipande vielee kwenye maji usiku kucha vitulie, asubuhi weka flg22 maikromola 1 (kile kipande cha mkia wa bakteria chenye amino asidi 22), dakika 10 tu, halafu gandisha kwa naitrojeni ya kimiminika papo hapo. Bafa ya kusagia iwe na floridi ya sodiamu na vanadeti, zizuie vile vimeng'enya. Maziwa acha kabisa, kasini yake yenyewe ina fosfeti, ndo maana weusi, tumia albumini ya ng'ombe asilimia 5.

babu_muheza: Muhogo una polifenoli nyingi sana (kemikali zinazoharibu protini ukisaga), chukua majani machanga na utie PVPP, unga wa kuzinasa. Mstari wa pembeni weka Arabidopsis (mmea mdogo wa majaribio) iliyopewa flg22, ukiona bendi ya MPK6 juu na MPK3 chini yake basi kingamwili ni nzima, kosa litafute kwenye muhogo. Usikate tamaa mjukuu wangu, batobato ya muhogo iliandikwa mara ya kwanza 1894 na Mjerumani Warburg hapa hapa kwetu Usambara, kazi hii ni ya nyumbani.

muhogo_tanga: Shikamoo babu, asante dada. Vipande naviweka majini leo jioni, kesho nawaletea picha ya membreni.