Tupeane uzoefu: Serengeti kwa siku moja kutokea Mwanza, kupitia geti la Ndabaka

Mleta mada
Wanaotoka Mwanza mara ya kwanza wengi hupanga kuizunguka Serengeti yote kwa mchana mmoja. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 14,763, haizungukiki. Kwa siku moja, ukanda wa magharibi unatosha kabisa: mbuga za Ndabaka, Kirawira na mto Grumeti. Anayeng'ang'ania kufika Seronera, katikati ya hifadhi, anashinda njiani, anawapita wanyama mbio na kurudi hoi. Wazoefu, wapeni wageni maelekezo yanayotendeka: saa, gari, malipo, chakula.

Dereva wa Buzuruga
Kila kitu kinategemea saa. Mwanza hadi geti la Ndabaka ni kama kilomita 140 za lami, unapita Magu na Lamadi. Penye makazi mwisho ni 50 kwa saa, kwa hiyo weka saa mbili na nusu. Ondoka saa 10 alfajiri.

Ndani ya hifadhi pia mwendo wa juu ni 50, lakini ukisimama kutazama, wastani unashuka hadi 20 au 25. Fanyeni hesabu. Ukiingia saa 1 asubuhi na kutaka kuwa getini saa 11 jioni, una saa 10. Toa mbili za chakula na kusimama. Nane zilizobaki, kwa mwendo wa 20, ni kilomita 160, yaani 80 kwenda na 80 kurudi. Saa 7 mchana geuza gari, hata kama mbele kuna vumbi la magari linaloashiria simba. Geti hufungwa saa 12 jioni na kuendesha usiku ndani ni marufuku.

Mafuta jaza Lamadi. Usiingie ukitegemea kupata kituo njiani.

Mama wa Nyakato
Kwenye malipo ndipo foleni inapoanzia. Getini hawapokei fedha taslimu: unapewa kontroli namba (namba ya malipo), unalipa kwa simu au kadi. Weka salio tangu nyumbani, maana mtandao ukiyumba mnakaa juani na watoto. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, bila hicho utapata shida kudai kiwango cha Mtanzania. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Gari nalo linalipiwa, kwa hiyo liwekeni kwenye mchango mapema.

Chakula pakieni kwenye hotpoti na vyombo vya mifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, msije nayo. Maji, lita 3 kwa kila mtu. Mnakula sehemu iliyotengwa tu, na ndizi zisionekane: nyani na tumbili wakiziona wanaingia hata dirishani. Watoto waende chooni getini kabla ya kuondoka, kwa sababu huko mbele hakuna kushuka porini kujisaidia.

Mwalimu wa Magu
Naongeza la mavazi, kwa kuwa wageni wengi hawaambiwi. Ukanda wa magharibi una mbung'o, hasa kwenye vichaka vya kando ya mto. Wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, na hulifuata gari linalotembea. Vaeni kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, soksi. Dawa ya kawaida ya mbu haiwazuii vizuri. Mkikaribia vichaka pandisheni vioo. Mkifika kwenye uwazi, fungueni.

Wa kuwaona: nyumbu wa msafara hupita huku kati ya Mei na Julai. Miezi mingine msikate tamaa, wapo nyumbu wakazi, pundamilia, nyamera, twiga, na Grumeti ina mamba na viboko mwaka mzima. Kwenye miti ya kando ya mto inueni macho, kuna mbega weupe kwa weusi. Mimi ningekaa nusu saa hapo kuliko kukimbizana na magari.

Fundi wa Igoma
Udongo wa huko ni mbuga, ule mweusi. Kiangazi ni mgumu. Mvua ikinyesha unanata, unajaza meno ya tairi na gari linateleza hata likiwa na fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne). Machi na Aprili msiende na Noah. Gari la juu, fowili inayofanya kazi (ijaribuni Mwanza, si kwenye tope), spea mbili, jeki, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao jeki inazama, gari halinyanyuki. Mkianza kunasa, acheni kukanyaga mafuta. Tairi linapozunguka linajichimbia shimo.

Barabara ya changarawe hulegeza nati. Kazeni za magurudumu jioni kabla ya safari, na dereva azikague tena getini.

Dereva wa Buzuruga
Fundi umesema kweli. Mkikwama, hakuna kushuka na kutembea kutafuta msaada. Kaeni ndani, piga namba iliyo kwenye kibali cha kuingia hifadhini, na pale mtandao usiposhika, subirini gari linalopita. Ndiyo maana namba hiyo inakiliwa kwenye simu mbili kabla ya kuondoka getini.