Sukari ya kulisha bakteria kwenye uji wa mtoto: si ndiyo minyoo hiyo?

MamaZuhura, Ukunda

Salaam aleikum. Binti yangu ana miezi minane, ananyonya bado, uji ameuanza juzijuzi. Kliniki walimpima wakasema damu iko chini, nikapewa vipakiti vya unga wa madini, kimoja kwa siku ndani ya uji. Wiki ya pili hii, choo kimekuwa cheusi. Sasa dukani nikaona kopo la uji wa watoto limeandikwa GOS. Muuzaji akasema ni sukari ya kulisha bakteria wazuri. Nikanunua. Mama mkwe kaliangalia kopo, kaniangalia mimi: "Wenzio wanafukuza wadudu tumboni mwa watoto, wewe wawanunulia chakula?" Kwake sukari ni minyoo, hakuna mjadala. Kopo liko juu ya kabati tangu Jumamosi. Naomba mnieleze, hiyo sukari inakwenda wapi? Na mbona sukari yenyewe waile bakteria, asiile mtoto?

Kijana wa Likoni

Mama mkwe amemaliza. Mpe uji wa wimbi, hilo kopo ni biashara ya watu 😂

MzeeHadubini

Waaleikum salaam mwanangu. Nimekaa maabara miaka 31, kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia vyoo vya watu, kwa hiyo hapa umefika nyumbani.

Kwanza minyoo. Haizaliwi na sukari. Mayai yake huingia mdomoni na mchanga, mikono michafu, mboga isiyooshwa. Mwambie mama kwa adabu.

Sukari ya chai huvunjwa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. GOS ni punje za galaktosi, sukari mojawapo iliyomo kwenye maziwa, zilizoshikana mnyororo, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuukata mnyororo ule. Basi inapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko ndiko wanakoingoja bifidobakteria, ndio hao bakteria wazuri wa muuzaji wako. Mfaransa Henri Tissier aliwaona mwaka 1899 kwenye choo cha watoto wanaonyonya: wana tagaa kama panda ya manati. Wakiila ile sukari wanatoa asidi, utumbo unakuwa mchachu kidogo, na uchachu huo unawakera bakteria wakorofi kama E. coli, ambao baadhi yao huharisha watoto. Hawafi wote, ila hawastawi.

Na usidhani ni uzushi wa makopo. Maziwa yako mwenyewe yana sukari za namna hiyo, aina zaidi ya mia, ambazo mtoto hazimeng'enyi hata kidogo. Mungu amemwekea mtoto chakula, na wageni wake pia.

Sasa la kukuhusu wewe hasa. Mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kilichomo kwenye ule unga. Kinachobaki huteremka utumbo mpana, na wanaokipenda chuma ni hao wakorofi. Bifidobakteria hawakihitaji sana. Watafiti wa Uswisi na Kenya walilijaribu hili hapo Msambweni, majirani zako, wakatoa matokeo mwaka 2017. Watoto 155, uji wa mahindi kila siku kwa miezi minne. Wengine waliwekewa unga wenye miligramu 5 za chuma, wengine chuma hichohicho pamoja na gramu 7.5 za GOS, wengine unga usio na chuma wala GOS. Waliopata chuma peke yake, bakteria wa maradhi waliongezeka. Waliochanganyiwa GOS, bifidobakteria walibaki juu na wale wabaya wakashuka.

Kwa hiyo unga usiuache, damu anaihitaji. Ila soma kopo lako: gramu ngapi za GOS kwa kipimo kimoja? Mengi yana chembe tu ya kupambia lebo. Tena angalia kama lina chuma chake, usije ukampa mara mbili. Lipeleke kliniki walione.

Bi Rukia Tanga

Mzee hajataja gesi! Mimi niliagiziwa inulini kutoka Muscat, ni jamii hiyohiyo. Siku ya kwanza nikatia vijiko vitatu kwenye maji kwa pupa. Nilikuwa kwenye daladala, yaani sisemi zaidi. Ni kama maharage ambayo hayakulowekwa.

MzeeHadubini

Kweli Bi Rukia, bakteria wakila lazima wapumue 😄 Mtoto aanze na kidogo.

MamaZuhura, Ukunda

Shikamoo mzee. Nimelisoma kopo: gramu 0.4! Na choo cheusi je?

MzeeHadubini

Marahaba. Weusi ni chuma kilichobaki, usikutishe. Kikiwa cha maji, au chenye damu, au kama lami kinachonata na kunuka vibaya, usisubiri kesho, mpeleke. Kunyonya usipunguze.

MamaZuhura, Ukunda

Kopo tumekunywa watu wazima, na mama mkwe kaomba kikombe cha pili. Ila amesema mjukuu akitimiza mwaka, siku hiyohiyo dawa ya minyoo.