Seleniamu ya vidonge: ipi inaingia mwilini vizuri?

Mpambanaji_KND: Wakuu habari za jioni. Nywele zinanikatika, kucha zinapasuka, jamaa kanishauri nitumie seleniamu, yale madini. Famasi nimeonyeshwa chupa mbili: seleniti ya sodiamu, na selenomethionini ambayo bei yake ni karibu mara mbili. Muuzaji anasema ile ya bei rahisi unaikojoa yote. Kweli au napigwa? Kwa sasa nameza multivitamini, nikiamka nakunywa na vitamini C ya kuyeyusha.

Mfamasia_Mstaafu: Kachanganya. Selenomethionini inafyonzwa zaidi ya asilimia 90, kwa sababu utumbo unaipokea kama methionini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye chakula. Seleniti inafyonzwa kama nusu, wakati mwingine zaidi. Inayopotea sana kwenye mkojo ni selenati, aina nyingine ya seleniamu. Halafu kufyonzwa ni jambo moja, kutumika ni jingine: selenomethionini nyingi inakwenda kukaa kwenye misuli na protini nyingine, mwili ukidhani ni methionini, ndiyo maana kipimo cha damu kinapanda haraka. Seleniti haina ghala hilo. Na isidharauliwe, Uchina miaka ya 1970 waliitumia hiyohiyo kukinga watoto na ugonjwa wa moyo wa Keshan.

Bi_Shamimu: Seleniti usiimeze pamoja na dozi kubwa ya C tumbo likiwa tupu. Inaweza kuigeuza seleniamu isiyoyeyuka, ikapita tu. Kula kwanza.

Sato_wa_Ziwani: Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku. Samaki, mayai na maini vipo, mnatajirisha famasi bure 😂

Mfamasia_Mstaafu: Kuna kitu hamjakigusa. Nywele kukatika na kucha kupasuka ni dalili za seleniamu ILIYOZIDI pia, pamoja na pumzi kunuka kitunguu saumu. Ulaya mwaka 2023 waliweka kikomo cha mikrogramu 255 kwa siku, chakula kikiwemo. Marekani ni 400. Mleta uzi, chupa zimeandikwa ngapi? Na multivitamini yako?

Mpambanaji_KND: Ya bei kubwa 200. Multivitamini nimegeuza kopo sasa hivi: seleniti, 55. Kumbe naimeza tayari, tena na hiyo C!

Mfamasia_Mstaafu: 200 na 55, hapo hujala hata samaki. Usinunue. Kapime wingi wa damu na tezi ya shingo kwanza, hivyo ndivyo vinavyokata nywele za wengi.

Mpambanaji_KND: Tezi wanapima kituo cha afya au mpaka hospitali?

Bi_Shamimu: Wingi wa damu kituo cha afya wanapima. Kipimo cha tezi kinaitwa TSH, piga simu maabara kwanza uulize kama wanacho.