Kigamboni tunalipia daraja, Tanzanite wanapita bure: haki iko wapi?

Wakuu, nairudisha hoja hii mezani kwa sababu kila ikiibuka huzimwa kwa jibu lilelile: daraja la Kigamboni hapa Dar es Salaam lilijengwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo lazima hela irudi kwa tozo ya getini.

Sawa. Daraja hilo, kwa jina rasmi la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini hadi Kigamboni, lilifunguliwa Aprili 2016, NSSF ikiwa imebeba asilimia 60 ya gharama na serikali 40. Ile ni michango ya wafanyakazi, si sadaka. Hapo sina ubishi.

Ila Machi 2022 likafunguliwa la Tanzanite, linalokatiza baharini kutoka Oysterbay hadi karibu na hospitali ya Aga Khan. Zaidi ya kilomita moja, kwa mkopo wa Korea Kusini. Wa Masaki anapita bure. Mkopo ule unalipwa na kodi ya nani? Ya wote, akiwemo mwenye genge pale Tungi, Kigamboni, ambaye gari lililomletea nyanya asubuhi limelipa getini. Na msidhani mwenye gari anaimeza tozo ile peke yake. Inahamia kwenye fungu la nyanya. Mwaka huohuo wa 2022 tozo ilipunguzwa. Haikufutwa.

Kuna wanaosema, "si wapande pantoni?" Pantoni nayo ni nauli. Halafu angalieni ramani: daraja halikuweza kukaa Magogoni, kwenye kivuko, maana ndipo meli zinapoingilia bandarini. Likapelekwa ndani kabisa ya mkondo, nyuma ya bandari. Anayekaa Ferry, upande wa Kigamboni, na kufanya kazi Posta katikati ya jiji akilifuata daraja anazunguka hadi Kurasini ndipo arudi mjini. Ndiyo maana kivuko bado kinajaa jioni, daraja lipo.

Na hawa wa Kigamboni ndio walewale waliozuiwa kuendeleza viwanja vyao miaka kadhaa wakisubiri mradi wa serikali wa Mji Mpya wa Kigamboni. (Huo mji mwenye kuuona aniite.)

Ninachotaka si NSSF idhulumiwe. Serikali ilichukue deni la daraja, ililipe kutoka mfuko mkuu kama inavyolipa la Tanzanite. Kama hilo haliwezekani, basi geti lijengwe Tanzanite pia.

Mnaotetea tozo ya Kigamboni, hasa mnaokaa upande wa Masaki na Msasani: mtakubali?