Uzi wa kufungia pete za fimbo ya kuvulia: nailoni, poliesta ya kudarizi au wa cherehani?

MvuviTengeru, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nina blanki mbili (miti mitupu ya fimbo za kuvulia, bado haina pete) zimelala juu ya kabati tangu Pasaka na nataka mwezi huu zimalizike. Moja ni nyepesi, ya futi saba, ya perege na kambale wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Nyingine ni nzito, ya kwenda nayo Pangani nikipata nafasi kwenye mashua. Kule kolekole akivuta hana utani.

Pete za kupitishia mshipi ninazo, epoksi ya kupaka juu ya uzi ninayo, kishikio nimeshachonga. Kilichonikwamisha ni uzi. Nilidhani ni jambo dogo, kumbe kila ninayemuuliza ana lake. Shemeji yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao, anaweza kuniletea nailoni ya kufungia fimbo, ama ile ya kawaida ama ile yenye herufi NCP, ambayo wanasema haibadiliki rangi. Hapa mjini kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji kuna koni za uzi wa kudarizi unaong'aa. Na nyumbani uzi wa cherehani umejaa tele, maana mke wangu ni fundi nguo.

Blanki zote ni nyeusi. Nataka mafungo mekundu yenye mstari mweupe pembeni. Waliowahi kufunga, nisaidieni.

FundiMajengo, Moshi

Mkuu, tuanze na uzi wa cherehani ili tuutoe mezani. Fimbo yangu ya kwanza niliifunga kwa uzi huo na ulikaa vizuri sana mpaka nilipopaka epoksi. Asubuhi nikakuta mafungo yote yameota vinywele. Nikapiga msasa, nikapaka tena, vikarudi. Sababu niliijua baadaye: uzi mwingi wa kushonea umesokotwa kwa nyuzi fupi fupi, na ncha zake zinatokeza nje. Kwenye nguo huzioni. Kwenye epoksi kila ncha inajivutia tone lake na kuwa kipele.

Uzi wa fimbo umetengenezwa kwa nyuzinyuzi ndefu zinazokwenda bila kukatika, tena haukusokotwa sana. Ndiyo maana ukiukaza unalala bapa, mzunguko unabanana na mwenzake bila kuacha mwanya. Kata kipande cha uzi wowote ulio nao, kishike mbele ya dirisha lenye jua. Ukiona manyoya pembeni, mwachie mkeo ashonee.

Sasa hizo nailoni mbili. Ya kawaida inakunywa epoksi mpaka ndani, na rangi inakuwa kama kitambaa kilicholowa: unaona kilicho chini yake. Juu ya blanki nyeusi nyekundu yako itageuka rangi ya damu iliyokauka, na mguu wa pete, kile chuma kinacholala chini ya fungo, utaonekana ukimeta. Kuzuia hilo kuna kinga rangi, dawa ya majimaji inayopakwa kabla ya epoksi na kuachwa ikauke kabisa. NCP yenyewe imeshughulikiwa kiwandani ili rangi ibaki ilivyo kwenye rola, haihitaji kinga.

Mimi kinga rangi siipendi. Ukikosa hata sehemu ndogo, epoksi inapenya hapo tu na unapata baka jeusi katikati ya fungo zuri. Isitoshe inaziba uzi, epoksi haishuki vizuri kwenda kushikana na blanki. Mwambie shemeji alete NCP.

KambaleWaHimo

Naomba kutofautiana na Fundi kidogo. Nina fimbo tatu nilizofunga kwa uzi wa cherehani, mwaka wa nne huu, na karibu kila Jumamosi ziko Nyumba ya Mungu. Vinywele vipo, sikatai. Lakini pete hata moja haijachomoka. Tusimfanye mtu aache kufunga fimbo kwa sababu amekosa uzi wa nje.

FundiMajengo, Moshi

Hapo sina ubishi, ndugu yangu. Nguvu ya kushika pete uzi huo unayo. Hofu yangu ni kwamba ili kufunika vipele unaongeza epoksi tabaka la pili na la tatu, na fimbo nyepesi inaanza kulemea kwenye ncha. Kule kwenye ncha hata gramu moja mkono unaisikia.

DadaShanga, Arusha

Kazi yangu ni shanga, ila fimbo za marehemu baba nimezifunga upya mwenyewe, kwa hiyo nitasema upande wa rangi na upande wa hizo koni.

Kaka Tengeru, huo mstari mweupe ndio utakaokuliza. Nyekundu ikiiva bado ni nyekundu ya namna fulani. Nyeupe ya nailoni ya kawaida ikinywa epoksi inatoweka, inabaki kama maji, na chini yake unaona weusi wa blanki. Kwenye mkufu wa shanga nyeupe ndiyo inayoiinua nyekundu, na kwenye fimbo ni hivyo hivyo. Kama kuna rola moja tu ya NCP utakayoagiza, agiza nyeupe.

Koni za kudarizi ziko za aina mbili na dukani zinakaa rafu moja, zote zinang'aa: rayoni na poliesta. Usimwulize muuzaji, chukua kipande ukichome nje ya duka. Rayoni inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kujikunja kuwa kitone kigumu cheusi. Unayoitaka ni inayoyeyuka. Rayoni ikilowa inapoteza nguvu nyingi, na maji yatapata njia siku epoksi ikipasuka. Mimi naamini moto kuliko lebo.

Nimeifungia fimbo mbili za baba. Ni nyuzinyuzi ndefu, vinywele hakuna, na jua inalivumilia kuliko nailoni. Rangi iliiva kidogo tu. Tatizo lake ni kwamba hainyumbuki kama nailoni. Nailoni ukiikaza inavutika kisha inajirudi yenyewe na kubana. Poliesta inakaa pale mkono wako ulipoiacha, kwa hiyo mkazo uwe mmoja tangu mzunguko wa kwanza. Ukipumzika chai katikati, bana uzi kwa kitu, usiuache ulegee.

Jambo la mwisho, na hili lilinigharimu pete mbili: usitumie uzi wa shanga uliopakwa nta. Epoksi inaikimbia nta, inaacha vidimbwi na matundu kama macho ya samaki. Hata mafuta ya mikononi yanatosha. Nawa kwa sabuni, panguza blanki kwa spiriti, na ukishamaliza kufunga usishike tena mafungo kwa vidole vitupu.

MzeeMarangu

Vijana, hakuna aliyegusa hariri. Kabla DuPont hawajatangaza nailoni mwaka 1938, fimbo nzuri za mianzi zilizochongwa na kugundishwa zilifungwa kwa hariri. Nimewahi kuishika moja. Hariri chini ya vanishi inakuwa angavu, unaona nyuzi za muanzi zikipita chini yake, na mafundi wa wakati ule walilitaka hilo. Kwa hiyo kile Fundi anachokiita kasoro ya uzi kunywa epoksi, kwenye mti wa rangi ya asali ndio uzuri wenyewe. Kwenye blanki yako nyeusi hariri haina kazi, kijana wangu, tena ni nyembamba na inahitaji mkono mwepesi sana. Siku ukijenga ya muanzi, nitafute.

MvuviTengeru, Arusha

Shikamoo mzee, nitakutafuta kweli. Dada Shanga, kesho asubuhi nakwenda dukani na kiberiti mfukoni.

Maswali mawili yamebaki. Unene: naona wanaandika A, C, D, E. Fimbo mbili zangu zitumie unene mmoja? Na la pili, mota yangu ya kuzungushia fimbo wakati epoksi inakauka nimeitoa kwenye microwave mbovu. Umeme ukikatika katikati inakuwaje?

NjiroBaharini

Unene usiufananishe. A ni takriban milimita 0.15, D ni takriban 0.25. Fimbo ya perege funga A yote. Mafungo yanakuwa membamba, fimbo inajipinda kwa uhuru. Koni ya Dada Shanga inafaa hapo pia. Ya Pangani tumia D, na uwe tayari kuona rola ikiisha haraka.

Kwenye hiyo nzito kuna mambo mawili zaidi ya uzi. Kwanza funga tabaka la chini kabla ya kuweka pete, ili mguu wa chuma usikae moja kwa moja juu ya blanki. Fimbo ikijikunja nusu duara, ncha ya mguu inakwaruza, na blanki ya kaboni haisamehe mkwaruzo. Pili, kila mguu upige tupa mpaka ncha yake iwe kama ulimi mwembamba unaoteremka. Uzi unapanda taratibu bila kuacha pango. Mguu butu unakata uzi, na hapo utalaumu uzi wakati kosa ni la tupa.

Kama pete zako ni za mguu mmoja, ongeza mizunguko minne au mitano mbele ya mguu, pale pete inapoinuka, iwe kufuli. Uzi wowote bila kufuli hiyo, pete ya mguu mmoja inaweza kuchomoka kuelekea mbele. Ya baharini mimi nafunga pete za miguu miwili tu, basi.

Uzi wa metali unaong'aa sana uweke kwenye mistari ya pembeni tu. Ni utando mwembamba uliovishwa juu ya uzi, ukiupandisha kwenye mguu wa pete unachanika.

FundiMajengo, Moshi

Umeme ukikatika, chomoa fimbo kwenye mota ukae nayo. Geuza nusu mzunguko kila baada ya dakika chache hadi epoksi iache kuteremka. Arusha na baridi ya Julai hiyo ni saa nyingi, hapa Moshi mwezi wa pili inashika mapema zaidi. Na usije ukatumia ile epoksi ya dakika tano ya dukani kwa vifaa vya ujenzi. Inaganda hujamaliza pete ya tatu, halafu inageuka njano. Pima pande mbili sawa kwa sindano za duka la dawa, kila upande na sindano yake.

Nikutumie mita chache za NCP nyekundu na nyeupe, D, kwa basi la mchana? Jaribu kabla ya kuagiza.

MvuviTengeru, Arusha

Wakuu, nimerudi. Bahasha ya Fundi ilifika jioni ile ile, Mungu ambariki. Nilichukua kipande cha fimbo iliyovunjika, cheusi kama blanki zangu, nikafunga mafungo manne: cherehani, koni ya poliesta, NCP, na nailoni nyekundu ya kawaida ambayo Dada Shanga alinikatia. Epoksi moja, usiku mmoja. Umeme ulikatika saa tano, nikageuza kwa mkono hadi saa nane usiku.

Cherehani imeota vinywele kama alivyosema Fundi, si vingi lakini kidole kinavisikia. Nailoni ya kawaida nilidhani nimekosea rola, imekuwa kahawia na nauona mchoro wa kiwanda chini yake. NCP haikubadilika hata kidogo, na mstari wake mweupe ni mweupe kama chaki. Koni imeiva nusu kivuli, imebaki nyekundu, na kwa kweli ndiyo inayong'aa kuliko zote. Koni ya kwanza niliyoshika dukani ilikuwa rayoni, iliacha jivu. Ya pili iliyeyuka.

Kwa hiyo fimbo ya perege naifunga kwa koni, mistari myeupe ya NCP. Ya Pangani inasubiri shemeji na rola mbili za D. Leo nimeshapiga tupa miguu ya pete zote. KambaleWaHimo, ikikamilika nakuja nayo Nyumba ya Mungu tuziweke pamoja na zako ukingoni.

KambaleWaHimo

Karibu sana. Njoo na chambo chako, minyoo ya huku siku hizi ni ya shida.